Anza na Bawaba: Kutambua Vijaluba vya Kadi na Miwani ya Kale

Kijaluba cha fedha kikitoka kwenye sanduku la urithi, watu hawakosi la kusema. Mmoja atakiita cha sigara, mwingine cha kiberiti, wa tatu ataapa kwamba ni tabakelo ya ugoro. Miwani isiyo na mikono nayo huambiwa ni ya enzi za mbali kwa sababu tu haifanani na ya leo. Mkanganyiko huu hutokana na jicho kukimbilia nakshi: maua, kasri, herufi za jina la mwenyewe. Lakini nakshi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuigwa, na mitindo ya zamani ilirudiwa mara nyingi na mafundi waliokuja baadaye. Ushauri wangu ni kuanzia kwingine. Uliza kitu hiki kilifungukaje, kilishikwa wapi, na kilikaaje mfukoni au usoni. Bawaba, springi na ribiti viliwekwa ili kazi fulani ifanyike, na kazi hiyo huacha ushahidi. Malighafi hufuata. Chapa huja mwisho, kuthibitisha au kukanusha.

Kadi iliyomtangulia mgeni

Huwezi kukielewa kijaluba cha kadi kabla ya kuielewa kadi yenyewe. Ulaya katika karne ya 18, na zaidi Uingereza na Marekani katika karne ya 19, mtu wa tabaka la juu au la kati hakuwa akibisha hodi na kuingia tu. Alimkabidhi mtumishi kadi yenye jina lake, mtumishi akaipeleka ndani juu ya sinia dogo, na mwenye nyumba akaamua kama leo "yupo" au "hayupo". Kadi iliweza pia kuachwa mlangoni bila mgeni kuomba kuonana na mtu. Kona iliyokunjwa ilionyesha kwamba mwenye kadi amefika mwenyewe, hakutuma mtu. Herufi p.p.c., kifupisho cha maneno ya Kifaransa ya kuaga, zilimaanisha anaondoka mjini. Ukingo mweusi ulitangaza msiba. Ikiwa kona moja iliyokunjwa ilikuwa ujumbe, ni wazi kwamba kadi haikutakiwa kujikunja yenyewe ndani ya mkoba. Ndiyo haja iliyozaa kijaluba. Na kwa kuwa kilifunguliwa mbele za watu, kikawa pia mahali pa kuonyesha uwezo na ladha ya mtu.

Ukubwa wake peke yake hueleza mengi. Kadi za wanawake zilikuwa pana kuliko za wanaume, hivyo vijaluba vyao hufikia kama sentimita 10 kwa 7, na unene wa karibu sentimita moja. Cha mwanamume ni kidogo zaidi, na mara nyingi kimepindwa kidogo ili kilale vizuri ndani ya mfuko wa koti. Mwanamke alikibeba mkononi, kikaonekana pande zote, ndiyo maana vijaluba vilivyonakshiwa mbele, nyuma na ubavuni kwa kawaida vilikuwa vya wanawake.

Sasa tazama kinavyofunguka. Kijaluba cha kadi cha fedha kwa kawaida kina kifuniko kifupi kwenye upande mwembamba, chenye bawaba. Vya pembe za ndovu au gamba la ng'amba, yaani kasa wa baharini, mara nyingi kifuniko chake huchomolewa chote, na vingine hufunguka kama kitabu, vikiwa na vyumba vya hariri ndani. Kijaluba cha sigara ni tofauti: hugawanyika katikati kwa urefu wake wote, na ndani huwa kuna utepe au kibanio cha kuzuia sigara zisimwagike. Cha kiberiti ni kidogo, kifuniko chake kina springi yenye nguvu, na chini kina mistari iliyochanjwa ya kuwashia njiti. Njiti za kuwashwa kwa kusugua zilianza kuuzwa na John Walker wa Stockton-on-Tees, Uingereza, mwaka 1827, na vijaluba vya kuzibebea vilienea zaidi miongo mingi baadaye. Kwa hiyo anayekuletea cha kiberiti na kusema ni cha mwaka 1790 amekosea, hata kama nakshi yake ni ya mtindo wa wakati huo.

Kuna kitu kimoja ambacho huwapotosha hata watu waliozoea. Ni kikasha kidogo cha fedha ambacho ndani yake kimepakwa dhahabu. Wengi hudhani ni tabakelo, kwani tabakelo nazo hupakwa dhahabu ndani. Ukifungua na kukuta kifuniko cha pili chenye matundu yaliyokatwa kwa nakshi, hicho kilikuwa cha manukato: chini ya matundu kiliwekwa kipande cha sponji kilicholoweshwa siki yenye manukato, na mtu alikinusa akipita penye harufu mbaya au akihisi kizunguzungu. Dhahabu iliwekwa ili asidi ya siki isiile fedha. Tatizo ni kwamba kifuniko cha ndani mara nyingi kimepotea. Ukiwa na shaka, leta taa na utazame ukingo wa ndani, upande ule ule wa bawaba kubwa. Kama kuna mabaki ya bawaba ya pili, vijishimo viwili au kipande cha pini, hapo palikuwa na kifuniko cha matundu, na ulichonacho si tabakelo.

Kasri juu ya kifuniko

Kati ya vijaluba vyote vya kadi, vinavyogombewa zaidi minadani ni vya fedha vyenye picha ya kasri au jengo maarufu iliyoinuka juu ya uso wake. Vilitengenezwa hasa Birmingham, na fundi anayetajwa zaidi ni Nathaniel Mills, aliyefanya kazi kubwa katika miaka ya 1830 na 1840. Bati jembamba la fedha liligandamizwa kwenye kalibu ya chuma iliyochongwa picha kinyumenyume, kisha mafundi wakamalizia kwa mkono. Kalibu moja ilizaa vijaluba vingi, kwa hiyo Windsor, Warwick, Kenilworth na Abbotsford, nyumba ya mwandishi Walter Scott, huonekana mara kwa mara. Mandhari zilizochongwa kwa uchache ndizo ghali. Watu walivinunua kama kumbukumbu ya safari, na ndiyo sababu jengo lililochaguliwa linaeleza kitu kuhusu mnunuzi wa kwanza.

Kwenye picha za namna hii, sehemu zilizoinuka ndizo huisha kwanza. Angalia ncha za minara na miti ya mbele. Zikiwa laini kama zimeyeyuka, kijaluba kimeng'arishwa kupita kiasi kwa miaka mingi, na hakuna fundi anayeweza kurudisha kilichopotea. Ningechagua cheusi cheusi chenye picha kali kuliko kinachong'aa chenye mnara uliofutika.

Chapa za Uingereza ni mfumo ulio wazi sana ukishaujua. Simba anayetembea huthibitisha fedha ya kiwango cha 925 kwa 1,000. Nanga ni ya Birmingham, ambayo ofisi yake ya upimaji ilifunguliwa 1773. Kichwa cha chui ni cha London. Herufi moja hutaja mwaka, na herufi mbili au zaidi kwenye fremu yake humtaja fundi, kwa mfano NM. Kichwa cha mfalme au malkia kilionyesha kwamba kodi imelipwa, na kiligongwa kuanzia 1784 hadi 1890. Hii ni njia ya haraka mno: ukiacha alama chache za sherehe, kama ile ya yubile ya mfalme ya 1935, kichwa hicho kinakuweka ndani ya miaka hiyo mara moja. Kisha linganisha kifuniko na mwili. Kwa kawaida vyote viwili vina chapa, na herufi za mwaka zikipishana sana, vitu viwili vimeunganishwa kuwa kimoja.

Herufi EPNS si chapa ya fedha. Zinaeleza kwamba ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, mbinu iliyoenezwa na Elkington wa Birmingham baada ya hataza ya 1840. Na fedha iitwayo "ya Kijerumani" haina fedha hata chembe.

Miwani ilivyotafuta mahali pa kukaa

Kwa miwani, swali la mafundi lilikuwa moja: vioo viwili vitakaaje mbele ya macho bila kushikwa? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 400.

Mwaka 1306 mtawa Giordano da Pisa aliwaambia wasikilizaji wake mjini Florence kwamba hata miaka 20 haijatimia tangu sanaa ya kutengeneza miwani ipatikane. Ndiyo maana mwanzo wake huwekwa karibu na 1286, Italia. Mtawa mwenzake, Alessandro della Spina, aliyefariki 1313, anakumbukwa kwa kuitengeneza na kuwafundisha wengine kwa moyo mkunjufu. Jina la Salvino degli Armati, ambalo bado linarudiwa kama la mgunduzi, lilizushwa Florence katika karne ya 17 na halistahili kuendelea kutajwa.

Lenzi hizo za kwanza zilikuwa mbinuko, za kuwasaidia watu wa makamo kuona karibu. Mtu alizishika, akasoma, akaziweka. Kwa hiyo fremu ilikuwa pete mbili zenye vishikio vilivyofungwa pamoja kwa ribiti moja, na ikikazwa iliweza kubana pua kwa muda. Tommaso da Modena aliichora mwaka 1352 huko Treviso, usoni mwa Kardinali Hugh wa Saint-Cher. Kardinali huyo alifariki 1263, kabla miwani haijakuwepo; mchoraji alimvisha kitu cha wakati wake mwenyewe kuonyesha kwamba ni msomi. Miwani halisi ya ribiti ilipatikana mwaka 1953 chini ya mbao za sakafu ya monasteri ya Wienhausen, Ujerumani, mahali ambapo masista walikuwa wakisali. Ni vitu ambavyo karibu vyote vimo kwenye makumbusho. Ukiuzwa miwani ya ribiti kama ya karne ya 15, chukulia ni ya kuigwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mikono ya kushika kichwa ilikuja karibu na 1727, na Edward Scarlett wa London ndiye anayehusishwa na mwanzo wake. Ilikuwa mifupi, ikiishia kwa pete kubwa iliyobana panja za uso. Wakati huo waungwana walivaa nywele za bandia, kwa hiyo sikio halikufikika kirahisi. Miaka kama 25 baadaye, mnamo 1752, James Ayscough akatangaza mikono yenye bawaba mbili, iliyorefuka hadi kisogoni na bado ikakunjika kuingia kwenye kasha dogo. Hapo ncha ya mkono inakuwa shahidi mzuri. Pete kubwa kwa kawaida huelekeza karne ya 18. Kitundu kidogo cha kupitishia utepe ni cha kawaida mwishoni mwa karne hiyo na nusu ya kwanza ya karne ya 19. Waya laini uliojipinda kuzunguka sikio ni wa mwisho wa karne ya 19 na kuendelea.

Baada ya mikono kupatikana, watu wengi waliiacha. Hili ndilo jambo linalopindua hesabu za wengi, na naona ndilo muhimu kuliko yote katika miwani ya kale. Miwani ya kubana pua, isiyo na mikono kabisa, ilienea kuanzia miaka ya 1840 na kuvaliwa hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani kutoka 1901 hadi 1909, hakutambulika bila yake. Kwa hiyo kukosa mikono hakuthibitishi ukale. Mara nyingi miwani ya kubana pua ni mpya kwa miaka 100 kuliko yenye mikono ya pete.

Ndani ya aina hiyo ya kubana pua kuna tofauti inayofaa kusimamiwa. Ya awali ina daraja la springi iliyopinda, ambayo hutanuka ukiivaa. Ikitanuka, lenzi nazo huzunguka kidogo. Kwa lenzi ya kawaida hilo halina madhara. Lakini mtu mwenye astigmatizimu, yaani jicho lililopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, anahitaji lenzi ya mviringo wa silinda ikae kwenye pembe ile ile iliyopimwa. Ikizunguka kidogo tu, msaada unapotea. Thomas Young alieleza kasoro hiyo mwaka 1801, na mwanafalaki George Airy akabuni lenzi ya jicho lake mwenyewe mwaka 1825, ila lenzi za silinda zilizoeleka baada ya kazi ya daktari Frans Donders wa Uholanzi iliyochapishwa 1864. Ndipo likatokea daraja la springi iliyonyooka kwa mlalo, linalosogeza lenzi kando bila kuzizungusha, na baadaye daraja gumu lenye vibanio vidogo vya kufinywa kwa vidole. Ukiona springi ya mlalo, ujue sayansi ya macho ilikuwa tayari imefika hapo.

Lenzi zenyewe unaweza kuzihoji bila kifaa chochote. Shika miwani umbali wa mkono, tazama kupitia lenzi moja mstari ulionyooka kama fremu ya dirisha, kisha isogeze lenzi kulia na kushoto. Mstari ukienda kinyume na mkono wako, lenzi ni mbinuko, ya kusomea. Ukienda pamoja na mkono, ni mbonyeo, ya asiyeona mbali. Ukitulia, ni kioo kitupu, na yamkini mtu amebadilisha lenzi au kitu kilitengenezwa kwa ajili ya maigizo. Sasa izungushe lenzi polepole mahali pale pale. Mstari ndani ya lenzi ukiinama na kuachana na ule wa nje, hiyo ni silinda. Miwani ya pete kubwa yenye silinda ndani yake, iwe fremu ni halali kiasi gani, imewekewa lenzi za baadaye.

Za kushika kwa mkono, yaani zenye kishikio upande mmoja na springi ya kuzitokeza, nazipita haraka kwa sababu kosa lake huwa dogo: zilitumiwa zaidi na wanawake walioona haya kuvaa miwani hadharani, na ubora wake uko kwenye springi inayofanya kazi bado. Usiilazimishe.

Malighafi na sheria

Kwenye madaraja ya miwani ya Marekani utakuta maandishi madogo kama 1/10 12K GF. Muuzaji atakuambia ni dhahabu ya karati 12. Fanya hesabu. Sehemu moja ya kumi ya uzito wa chuma ni tabaka la dhahabu lililoshindiliwa juu, na tabaka lenyewe ni la karati 12, ambayo ni nusu dhahabu. Dhahabu halisi ni moja ya ishirini ya uzito, na fremu yenyewe ni nyepesi. Ni kazi nzuri na imara, lakini bei yake isipangwe kwa mizani ya sonara.

Pembe za ndovu na gamba la ng'amba ni habari nyingine. Vijaluba vya pembe vilivyochongwa kila upande bustani, madaraja na watu wadogo wadogo vilitoka Canton, China, kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Katika karne hiyo ya 19 pembe nyingi za Afrika zilipita Zanzibar na Bombay, na kijaluba kimoja kinaweza kuwa kimezunguka nusu ya dunia kabla ya kupata kadi yake ya kwanza. Pembe halisi, ikitazamwa kwa lenzi ya kukuzia sehemu iliyokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayopishana kwa pembe. Mfupa una vidoa na mikwaruzo midogo myeusi, ambayo ni mabaki ya mishipa. Seluloidi, plastiki ya awali, huiga kwa mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa kupita kiasi. Katika gamba la ng'amba, mabaka meusi yakikuzwa huonekana ni vitone vingi vidogo. Kwenye seluloidi rangi humwagikiana bila vitone. Wanaopendekeza kuchoma kwa sindano ya moto wapuuze: inaacha kovu, na seluloidi inaweza kuwaka.

Hapa hisia zangu si za mkusanyaji tu. Uzuri wa vitu hivi ulilipwa na wanyama, na sheria za leo zinalikumbuka hilo. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ulioanza kutumika 1975, umewaweka ng'amba wote katika kiwango cha juu cha ulinzi tangu 1977, na tembo wa Afrika mwaka 1989 ulipopitishwa uamuzi wa kusimamisha biashara ya kimataifa ya pembe. Kitu kuwa cha kale hakukiruhusu kuvuka mpaka bila kibali. Nchini Uingereza, Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuuza kitu chochote chenye pembe isipokuwa kwa misamaha michache iliyosajiliwa, kama kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10. Kijaluba cha Canton ambacho chote ni pembe hakimo humo. Njia moja iliyobaki ni kithibitishwe kuwa ni adimu na chenye umuhimu mkubwa, na cha kabla ya 1918. Marekani, tangu 2016, hudai ushahidi kwamba kitu kina angalau miaka 100. Ukirithi, unaruhusiwa kukitunza. Ukitaka kuuza, anza na sheria kabla ya kupiga picha.

Seluloidi, iliyoletwa na John Wesley Hyatt na wenzake karibu na 1870, iliwaokoa ng'amba wengi ilipochukua nafasi ya gamba kwenye fremu za duara za mwanzo wa karne ya 20. Lakini inazeeka vibaya. Hutoa gesi zenye asidi ambazo huila metali iliyo karibu. Dalili zake ni harufu kali ya kafuri, jasho la kunata, nyufa ndogo ndani, au ukijani kwenye skrubu. Usiifungie kwenye kasha lake la zamani lisilopitisha hewa, wala usiilaze karibu na vijaluba vya fedha. Iweke peke yake, mahali pa baridi na pakavu, imefungwa kwa karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na moto. Kasha la asili litunze kando, hasa likiwa la karne ya 18 lililovikwa ngozi ya papa, kwa sababu linaweza kuwa na thamani kuliko miwani iliyokuwamo. Jina la fundi lililochapwa juu ya kasha linathibitisha kasha tu. Miwani ilibadilishwa mara nyingi kadiri macho ya mwenyewe yalivyobadilika.